Tafuta Bahari Kwanza, Namba Baadaye

Hotuba kwa familia za Waswahili wa Hobart, Tasmania, mwishoni mwa Agosti

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na nyie vijana mliokubali kuja baada ya kusikia kuna pilau: shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine, mambo vipi.

Nimepewa muda kidogo kabla ya chakula, na kwa harufu inayotoka jikoni najua sitaweza kushindana nayo. Kwa hiyo naingia moja kwa moja. Tunaishi nyuzi 43 kusini ya ikweta, katika mji ambao watalii hulipa nauli ya ndege kuja kutafuta kitu ambacho wengi wetu humu, pamoja na baridi yote tuliyoivumilia, tumekiona kwenye simu za watu tu. Ni aurora, mianga ya kusini. Kila ikitokea, asubuhi yake picha zinajaa kwenye makundi yetu, na kila mtu anauliza: ilikuwa saa ngapi? Ilikuwa wapi? Mbona hamkutuamsha?

Rai yangu ni hii: acheni kuanza na simu. Naona watu wanapakua programu, wanaweka kengele ya kuwaamsha, namba inapanda, wanatoka mbio hadi kibarazani, wanatazama juu, hawaoni kitu, wanarudi kulala wakilalamika kwamba ni uongo wa wazungu. Hakuna aliyewadanganya. Walisimama pasipofaa wakatazama pasipo na kitu. Aurora ya huku kwa kawaida haiji juu ya paa. Iko chini, kusini, pembezoni kabisa mwa anga, na inataka kati yako na yenyewe kusiwe na chochote ila maji.

Nieleze kwa nini, kwa sababu ukishaelewa hili mengine yote yanajipanga.

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Mchana na usiku linavuja upepo wa chembe zenye umeme, unaosafiri kilomita 300 au 400 kwa sekunde siku za utulivu. Dunia nayo ina sumaku yake, na sumaku hiyo ni ngao: upepo ule huizunguka na kuivuta nyuma ikawa mkia mrefu upande wa usiku. Nishati ikizidi kwenye mkia, nyuzi za sumaku hukatika na kuungana upya, na elektroni hutupwa kwa kasi kuelekea kwenye ncha za dunia. Zikigonga hewa ya juu, hewa inang'aa. Oksijeni iliyo kati ya kilomita 100 na 200 hutoa kijani. Oksijeni ya juu zaidi ya hapo hutoa nyekundu. Naitrojeni huchanganya zambarau na pinki. Habari ya rangi imeishia hapo. Hakuna barafu ya Antaktika inayoakisi jua, kama nilivyomsikia mtu mmoja akisimulia kwa kujiamini sana.

Mng'ao huo haukai juu ya ncha yenyewe. Unakaa kwenye pete inayoizunguka ncha ya sumaku, na hapa ndipo bahati yetu ilipo. Ncha ya sumaku na ile ncha ya ramani haziko mahali pamoja, na ya kusini imeegemea upande wa Australia. Ushuaia, chini kabisa kwenye mkia wa Argentina, iko karibu nyuzi 55 kusini. Kwa ramani ya darasani ungesema wao ndio wanaofaidi, maana wametuzidi nyuzi kumi na mbili. Sivyo. Pete inapita mbali nao na kutukaribia sisi. Kule nyumbani, iwe Kigoma, Bukavu, Bujumbura au Mombasa, tuko karibu mno na ikweta kiasi kwamba hata dhoruba kubwa ya Mei 2024, upepo wa jua ulipoitikisa sumaku ya dunia kwa nguvu, haikuonekana. Hapa tulipo tumewekwa mahali pazuri bila kuomba.

Lakini kukaribia si kufika. Siku za kawaida pete hiyo iko zaidi ya kilomita elfu moja kusini yetu, juu ya Bahari ya Kusini na Antaktika, na dunia ni mviringo. Kitu kilicho juu kilomita 110, ambako kijani huanzia, ukiwa umesimama ufukweni kinazama nyuma ya upeo wa macho kikiwa mbali kilomita 1,200 hivi. Kilicho juu kilomita 250, kwenye wekundu, unaweza kukiona hadi kilomita 1,800 hivi. Ndiyo maana picha za Tasmania mara nyingi zina wekundu mwingi kuliko zile za Norwei. Wao wanatazama pazia zima likiwa juu ya vichwa vyao. Sisi tunaona sehemu ya juu, na sehemu ya chini imefichwa na mgongo wa bahari.

Sasa ongeza kilima. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi kumi za anga. Kilima, au msitu, au nyumba ya jirani, ikiziba ngumi moja upande wa kusini, zile kilomita 1,800 zinapungua hadi chini ya 1,000. Yaani umenyang'anywa karibu nusu ya umbali, na ni ile nusu ambayo siku nyingi ndiyo yenye aurora. Mtu wa Glenorchy au Moonah aliyezungukwa na nyumba na mlima anaweza kukesha mwaka mzima na programu yake mkononi. Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji intaneti: nenda mchana mahali unapopafikiria, geukia kusini, nyoosha mkono, pima kwa ngumi.

Na msichanganye giza na aurora. Kuna maeneo duniani yamepewa hadhi ya kimataifa kwa sababu ya giza lake, na watu hudhani ukienda huko basi umeshapata. Warrumbungle, kule New South Wales, ilikuwa hifadhi ya kwanza Australia kupewa hadhi hiyo, mwaka 2016. Nyota zake ni za ajabu. Lakini iko nyuzi 31 kusini, na anayekwenda huko kwa ajili ya aurora amepotea njia. Mnahitaji vyote viwili, giza na kusini iliyo wazi, na nikilazimishwa kuchagua kimoja nitachagua kusini iliyo wazi.

Basi tupo Hobart, twende wapi?

Mimi mahali pangu ni Goat Bluff, njia ya South Arm, mwendo wa dakika arobaini hivi kutoka mjini. Uzuri wake ni kwamba mji unabaki nyuma yako. Ule mwanga wa rangi ya chungwa wa Hobart uko kaskazini-magharibi, na mbele yako ni ghuba ya Storm Bay, halafu bahari moja kwa moja. Pale ni juu ya jabali, kwa hiyo upeo wa macho uko chini ya miguu yako na hakuna mti wa kuziba. Lakini kwa sababu hiyohiyo ni mahali pa hatari: ukingo ni ukingo, na usiku huoni ulipoishia. Watoto washikwe mkono, na anayepiga picha asirudi kinyumenyume akitafuta pembe nzuri. Wenye watoto wadogo naona afadhali waende Clifton Beach, au Carlton, ambako unasimama kwenye mchanga na ufuko unatazama kusini.

Bruny ni bora zaidi kwa giza. Cloudy Bay, huko mwisho wa kisiwa, inatazama kusini kabisa, na taa za kukuharibia macho ni chache sana. Tatizo ni pantoni ya Kettering: haivuki usiku kucha. Ukienda Bruny kutazama aurora, ujue unalala Bruny, kwenye nyumba au kwenye hema. Hilo linamaanisha huwezi kuamua saa tatu usiku. Bruny ni ya mtu aliyepanga wikendi yake kwa kufuata mwezi, na mwezi nitaufikia.

Cockle Creek ndiyo mwisho wa barabara zote za Australia kwa upande wa kusini. Zaidi ya hapo ni kwa miguu. Ni saa mbili na zaidi kwa gari, kipande cha mwisho ni vumbi, na usitegemee mtandao wa simu. Giza lake ni zito. Mvua nayo haichezi mbali. Hobart ni mojawapo ya miji mikuu mikavu zaidi ya Australia kwa sababu milima ya magharibi inatukingia mvua, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo kinga hiyo inavyopungua. Mtu akiniuliza kama aende Cockle Creek kwenye mawingu au abaki South Arm chini ya nyota, simjibu.

Mlima wetu, kunanyi, mita 1,271, watu wanaupenda kwa sababu uko karibu. Ukungu ukijaa bondeni wewe uko juu yake. Ila theluji ikianguka barabara hufungwa, upepo wa kule juu unakata, na taa zote za mji ziko chini yako. Ni mahali pa dharura.

Ndugu zetu walioko Melbourne wasikate tamaa, ila wao wanahitaji dhoruba kubwa kuliko sisi. Cape Schanck, Flinders, pwani ya kusini ya Phillip Island, Cape Otway: kote huko bahari iko kusini. Wa Perth washuke hadi Albany, nao wangoje dhoruba kubwa zaidi. Na aliye na pesa ya likizo namshauri avuke Nyuzilandi. Wengi hukimbilia Tekapo, kwenye hifadhi ya giza ya Aoraki Mackenzie iliyotangazwa mwaka 2012, na sikatai, ni pazuri. Lakini ni bara, milima iko kote. Ingekuwa pesa yangu ningekwenda Rakiura, kisiwa cha Stewart, nyuzi 47 kusini, ambacho kilipewa hadhi ya hifadhi ya giza mwaka 2019 na kusini yake ni maji matupu. Au rasi ya Otago nje kidogo ya Dunedin, au Slope Point, ambayo ndiyo ncha ya kusini ya kisiwa chao kikubwa.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kuhusu Antaktika yenyewe, maana makao makuu ya idara ya Australia inayoshughulikia Antaktika yako Kingston hapo, tunapita kila siku. Kweli, walioko vituo vya Mawson, Davis na Casey wanaiona kuliko sisi sote. Ila meli za watalii huenda kule kiangazi, na kiangazi kule hakuna usiku. Utalipa pesa nyingi kutazama jua lisilozama.

Hapo nimeshaanza kuzungumzia majira, basi niendelee.

Aurora haina msimu kwa maana ya kuwepo. Inatokea hata saa sita mchana, hatuioni tu. Chenye msimu ni giza. Juni, usiku wa Hobart una karibu saa kumi na tano. Desemba usiku ni mfupi, na ukiondoa magharibi na alfajiri inabaki saa chache. Lakini miezi yenye dhoruba nyingi kwa wastani si ya baridi kali: ni Machi na Septemba, siku zile ambazo usiku na mchana hulingana. Sababu yake ni jinsi sumaku ya dunia inavyokaa ikilinganishwa na sumaku inayobebwa na upepo wa jua; Russell na McPherron walilieleza mwaka 1973, na maelezo yao bado yanatumika. Kwetu maana yake ni kwamba mwezi ujao, Septemba, ndiyo zamu.

Saa nzuri ni kati ya saa nne usiku na saa nane. Si sheria, ni wastani. Kumbukeni tu kwamba Jumapili ya kwanza ya Oktoba saa zinasogezwa mbele, kwa hiyo kuanzia hapo ongezeni saa moja.

Na mwezi. Watu wa Kigoma, Uvira na Kalemie hawahitaji kufundishwa hili. Wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu karabai haina kazi mbele ya mbalamwezi. Aurora ya kawaida nayo ni hivyohivyo. Wiki moja kabla na baada ya mwezi kuandama ndiyo yetu. Wiki ya mwezi mpevu laleni, isipokuwa mkisikia dhoruba kubwa kweli.

Sasa simu mnaweza kuzitoa.

Namba tatu zinatosha. Ya kwanza ni Kp, inayoanzia 0 hadi 9. Hiyo ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Ni kipimo cha saa tatu nzima, na kinatokana na vituo 13 vya kupima sumaku duniani, ambavyo viwili tu viko upande huu wa ikweta: Canberra, na Eyrewell kule Nyuzilandi. Kp ya 6 inakuambia kumekuwa na dhoruba; haikuambii kama dakika hii kuna kitu juu ya Storm Bay. Kwa mwenye kusini wazi, Kp ya 5 kwa kawaida inatosha kamera, na 6 au 7 macho yanaanza kuona.

Ya pili ni kasi ya upepo wa jua. Ikivuka kilomita 500 kwa sekunde, kaa macho. Ya tatu ndiyo bwana mkubwa: inaitwa Bz. Ule upepo unabeba sumaku, na Bz inakuambia imeelekea wapi. Ikiwa chanya, imeelekea kaskazini, na ngao ya dunia inaufungia mlango. Ikiwa hasi, mlango unafunguka. Bz ya hasi 10 ikikaa hivyo nusu saa na kuendelea, vaa koti. Ikiwa chanya 10, hata kama kundi zima linapiga kelele, mimi naendelea na usingizi wangu.

Namba hizi mbili za mwisho zinatoka kwenye satelaiti zilizowekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, kuelekea kwenye jua. Upepo ukishazipita unachukua kati ya nusu saa na saa moja kutufikia. Fikirini kidogo. Nusu saa hadi saa moja ndiyo tahadhari yote ya uhakika uliyopewa, na Goat Bluff ni dakika arobaini. Aliyekwisha chagua mahali, akaenda mchana akapajua, na koti na tochi viko kwenye buti, anawahi. Anayeanza kuuliza kwenye kundi "twende wapi?" anafika picha zikiwa zimeshapostiwa.

Tahadhari za mapema zaidi zipo. Mlipuko mkubwa kwenye jua hurusha wingu linalochukua siku moja hadi tatu kufika, na ofisi ya hali ya hewa ya Australia ina kituo cha hali ya anga za juu kinachotoa taarifa bure. Lakini kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui, na naipenda kwa sababu inahitaji kalenda na kalamu tu. Jua linajizungusha, na kwa sisi tunaolitazama mzunguko mmoja ni siku 27 hivi. Juu ya uso wake kuna maeneo ambayo upepo hutoka kwa kasi zaidi, na eneo moja linaweza kudumu miezi. Kwa hiyo ukisikia aurora ilionekana leo bila mlipuko wowote kutangazwa, hesabu siku 27, weka alama. Haitimii kila mara, ila inatimia vya kutosha kunifanya niendelee kuhesabu.

Na hii inatufaa sana miaka hii. Oktoba 2024 NASA na wenzao wa NOAA walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja. Kuna wanaosema basi, imekwisha, tungoje kilele kingine. Si kweli. Miaka ya kushuka ndiyo yenye pepo hizi za kujirudia, na hata milipuko mikubwa haifi mara moja: dhoruba maarufu za Oktoba 2003 zilikuja jua likiwa limeshaanza kushuka.

Zile za 2003 ndizo zilikuwa za mwisho kufikia daraja la tano, la juu kabisa, hadi Mei 2024. Wengi wenu mnaikumbuka Jumamosi ile, tarehe 11. Kundi moja la madoa kwenye jua lilirusha mawingu mfululizo, yakafika yamepandana, na pete ikasukumwa kaskazini hadi watu wa Queensland wakaiona, na Afrika Kusini pia. Siku ya namna hiyo kanuni zangu zote zinalala. Hata aliyesimama kibarazani Moonah aliona wekundu juu ya kichwa. Ila ni siku moja katika miaka ishirini. Sipangi maisha yangu kwa ajili yake.

Mkifika, zimeni taa za gari kabla hamjageuka kuelekea watu. Macho yanachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa moja ya gari, au simu moja iliyowashwa kwa mwanga wote, inawarudisha watu wote mwanzo. Tochi iwe nyekundu. Karatasi nyekundu ya pipi iliyofungwa kwa raba inatosha. Nawaomba sana hapa, kwa sababu majina yetu hayafichiki. Kikifika kikundi kimoja na muziki na taa, kesho yake tutasikia "wale Waafrika".

Halafu msitarajie ile picha. Usiku macho yetu hutegemea seli ambazo hazitambui rangi, kwa hiyo aurora ya wastani utaiona kama weupe wa kijivu chini ya anga, na ndani yake nguzo zinazosimama, zinasogea pole pole, zinafifia. Wengi wanaiona na kuipuuza wakidhani ni wingu. Jaribio ni rahisi: nyota zinapenya kwenye aurora, wingu huzifunika. La pili ni simu. Iweke kwenye kisimamio cha miguu mitatu au juu ya jiwe isitikisike, washa hali ya usiku, sekunde tatu hadi kumi. Kama skrini inaonyesha kijani au pinki pale ulipoona kijivu, umeipata. Wenye kamera kubwa: ISO 1600 hadi 3200, lenzi ifunguliwe kadiri inavyoweza, f/2.8 ikiwezekana, sekunde 8 hadi 15, na mlenge kwa mkono kwenye nyota kali, maana kamera ikilenga yenyewe gizani inahangaika tu.

Inakuja kwa mawimbi. Unaweza kukaa saa nzima mbele ya kitu hafifu, halafu ghafla kinapamba moto, nguzo zinakimbia upande hadi upande, dakika kumi au ishirini, kisha kinatulia. Wanaoondoka huondoka katika kile kimya cha kabla. Mkiwa mmeshaendesha gari hadi South Arm, kaeni angalau saa moja na nusu.

Vinavyodanganya viko vingi. Upande wa kusini kuna madoa mawili meupe yasiyosogea. Hayo ni mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, si aurora na si mawingu. Taa za boti za wavuvi hung'arisha upeo wa macho. Na ipo ile ya Mildura, Victoria, Julai 2022, ambapo anga lilikuwa la pinki hadi watu wakaogopa, kumbe ni taa za shamba la bangi ya hospitali ambalo mapazia yake hayakushushwa. Kwa hiyo kila mkiona pinki, kwanza angalieni iko upande gani.

Njiani kurudi ndiko ninakokuogopea kuliko jabali. Saa saba usiku barabara za huku ni za wanyama: walabi, pademeloni, wombati, poshumu. Wombati ni kitu kizito, ukimgonga gari haliendi tena. Punguzeni mwendo, na dereva asiwe yule aliyetoka zamu ya usiku.

Wenyeji wa nchi hizi waliiona aurora muda mrefu kabla ya James Cook kuiandika kwenye daftari lake Februari 1773, akiwa baharini kusini. Wangarrindjeri wa Australia Kusini walisema ni mioto ya kambi ya roho katika nchi ya wafu. Wagunai wa Gippsland waliiona kama moto wa nyika katika ulimwengu wa roho. Wamaori husema ni mioto ya wahenga waliosafiri kusini sana wakabaki huko. Wote, naona, waliiweka kuwa jambo la mbali, upande wa pili, na ukiwa umesimama Clifton Beach unaelewa walikuwa wanatazama wapi.

Nimeona mkono. Mtoto anauliza kama inatoa sauti. Swali zuri. Finlandi kuna mtafiti aliyenasa milio midogo usiku wa aurora, na alionyesha inatokea hewani, mita sabini hivi juu ya ardhi. Huko aurora iko juu ya vichwa vyao. Ya kwetu iko mbali zaidi ya kilomita elfu, kwa hiyo ukisikia kitu Goat Bluff ni bahari, au ni baba yako anakoroma kwenye gari.

Mama Furaha anauliza wasio na magari wafanyeje. Tumelizungumza na waandaaji. Kuna daftari pale karibu na sufuria za chai. Andikeni jina, namba ya simu, mtaa, na kama mna nafasi kwenye gari au mnahitaji nafasi. Jumamosi hii tunakwenda South Arm mchana, kuonyeshana njia na kupima kwa ngumi, aurora iwepo isiwepo. Wiki ya mwezi kuandama mwezi ujao, daftari hilo ndilo litakaloamua nani anampigia nani. Anayetaka kuamshwa saa saba usiku aweke alama ya vema mbele ya jina lake, na asije akanilaumu.